Zunguka Tena Kidogo

Mtaani kwao, gari jipya hukaliwa kwanza na mama wa mwenye gari, ndipo linapoitwa la heri. Basi Habili alipolileta lake, gari la mbio la mtumba, jekundu, la milango miwili, lililokaa chini kama limelala, alifungua mlango mbele ya majirani. Mama yake, Bi Mwanahawa, akajishika magoti yanayomsumbua miaka yote, akashuka polepole mpaka akakipata kiti. Vigelegele vikapigwa.

"Hili ndilo la kwendea kazini kila siku?" jirani mmoja akauliza.

"La kila siku," Habili akajibu. "Na la kumpeleka mama kliniki."

Akamnyooshea mama mkono atoke. Bi Mwanahawa akaushika, akajivuta, akarudi chini. Akajaribu tena, uso ukamkunjamana. Majirani walikuwa bado wanashangilia.

"Nizungushe kwanza, baba," akasema taratibu, akiuachia mkono.

Wakapita sokoni, wakapita kliniki, wakarudi. Watu walikuwa hawajaondoka langoni. Habili akapunguza mwendo, akamtazama mama yake. Mama alikuwa akitazama mbele, viganja vimefunika magoti.

"Zunguka tena kidogo."

Habili akakanyaga mafuta.

Mara ya nne walipopita langoni, vigelegele vilikuwa vimekwisha na watu walitazama tu. Bi Mwanahawa peke yake ndiye aliyekuwa akipunga mkono dirishani, akitabasamu.