Nani Kawaambia Habari za Kuku

Kuku wa mwisho alikuwa tetea mwekundu asiyependa kushikwa. Alimpiga chenga mwanamume mmoja mwenye mavazi meupe, akamponyoka wa pili, akaenda kujibanza kati ya miguu ya mwenyewe, Mama Mayai. Wakamtoa hapohapo, wakamnyonga, wakamtia guniani na wenzake.

"Nani kawaambia?" Mama Mayai akauliza.

"Sisi tumetumwa tu, mama," mmoja akajibu, sauti ikitoka nyuma ya barakoa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Vaa na wewe hii. Kaa ndani, usitoke. Daktari anakuja kuongea nawe."

Wakapulizia dawa banda, ua, hata kizingiti cha mlango, wakaondoka na magunia yao.

Kaa ndani. Yaani mtu anyongewe kuku wake wote, halafu afungiwe kama mwali? Mama Mayai alijua maana yake. Hawakutaka amjue mchongezi.

Maana hebu nawe jaribu kulitegua hili. Kuku walianza kuzubaa wiki iliyopita, vishungi vikaingia weusi. Waliokufa walizikwa nyuma ya choo kabla majirani hawajaamka. Waliojua ni wawili tu, yeye na mzee wake. Yeye hakusema. Na mzee wake je? Mtu ambaye kuku akizibwa pua alimfyonza kamasi kwa mdomo wake mwenyewe, kama mama anavyomfanyia mtoto mchanga, angewachongea vipi? Tena yuko hospitali, kichomi kimembana, mpira wa hewa umejaa mdomoni, hata maji hawezi kuomba. Na tangu jana wamekataza asionwe na mtu. Hospitali za siku hizi na maringo yao.

Mzee akirudi, jambo la kwanza atauliza kuku wako wapi. Angalau apewe jina la aliyewamaliza.

Mama Mayai akavaa barakoa, akatoka. Alipofika kwa fundi cherehani aliishusha kidevuni, kwa sababu matusi hayapiti vizuri kwenye kitambaa.

"Dirisha lako linatazama banda langu."

"Linatazama na jua pia," fundi akasema, pini mdomoni, "na jua sijalichongea."

"Lete mikono."

Mama Mayai alikuwa na kipimo chake. Yai bovu alilijua kwa kulishika viganjani na kulisogeza karibu na uso, na mtu mwongo alimjua vivyo hivyo. Akaikamata mikono ya fundi, akamsogelea hadi pumzi zao zikachanganyika, akamkazia macho. Mikono mikavu, macho hayakukimbia. Huyu siye. Akakohoa, dawa ile ya banda ilikuwa imemkwama kooni, akaenda nyumba ya pili.

Ikawa hivyo mtaa mzima. Muuza mkaa alicheka, akapimwa hivyohivyo anacheka. Mwenye duka alipimwa kando ya mizani yake, mbele ya wateja, na wateja nao wakapimwa, maana nani ajuaye. Binti mmoja akasema yeye hana habari, analea. Akapimwa. Mtoto wake akabusiwa tu, kwa kuwa hajajua kusema.

Wa mwisho alikuwa wifi yake, dada wa mzee. Hawakuwa wakisalimiana tangu msiba wa mama mkwe, waligombania kabati. Huyu ndiye aliyemshuku kuliko wote, na alikuwa amemwekea maneno yake maalumu.

"Umenichongea, wifi."

"Ningekuchongea ningekuja kutazama," wifi akasema. Kisha akamwangalia vizuri. "Mbona unatetemeka? Una joto wewe. Umekula?"

"Nina hasira."

"Hasira gani ya kuchemsha mwili namna hii. Hebu pita ndani."

Huyo hakumpima. Alimlilia begani mpaka kanga ikalowa. Wifi akamwambia lile kabati lina mchwa, hata halikustahili ugomvi, wakacheka, wakanywa chai wakipokezana kikombe kimoja kwa sababu vingine vilikuwa havijaoshwa. Mama Mayai alipotoka alijiona mwepesi. Kuku wamekwenda, lakini wifi amerudi, na mzee atafurahi.

Alifika kwake jua likizama, sauti imemkauka, mchongezi hajapatikana. Mlangoni alimkuta mwanamke mwenye mavazi meupe. Nyuma yake lilisimama gari lenye vioo vilivyofungwa.

"Mimi ndiye daktari. Uliambiwa usitoke."

"Nilikuwa namtafuta aliyewaambia habari za kuku wangu."

"Hakuna aliyetuambia habari za kuku, mama. Hata hatukuwa tunajua kama mnao." Daktari aliongea polepole. "Tulipata majibu ya mzee wako. Ndipo tukauliza nyumbani kwake wanafuga nini."

Mama Mayai akataka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Daktari akarudi nyuma kidogo, akasubiri kiishe.

"Sasa nieleze taratibu, usimruke hata mmoja," akasema. "Tangu asubuhi umemsogelea nani?"