Kabali ya Bwana Manyoya

Dakika ya tisa ilikuwa inayoyoma, na Bwana Manyoya bado alikuwa amempiga Nyundo kabali. Hakuwa na dalili ya kumwachia.

Refa alipiga goti kando yao, akijifanya anamkagua Nyundo kama bado anapumua. "Mzee, achia," alinong'ona. "Ulitakiwa uanguke dakika ya saba. Mwandaaji anatoa macho huko."

"Mwambie asubiri."

Watu walizomea mpaka mabati ya ukumbi yakatetemeka. Walizomea kwa raha, maana hicho ndicho walichojia. Na nani asingemzomea? Mtu mzima anaingia ulingoni na joho la manyoya ya rangi ya waridi, buti za dhahabu, kucha zimepakwa rangi, halafu anawapulizia manukato watu wa viti vya mbele, eti wananuka. Miaka ishirini na minane alikula matusi hayo. Kila akimaliza alirudi chumbani kwake, akatundika joho msumarini, akachemsha chai ya kikombe kimoja.

Nyundo alikuwa kinyume chake: kaptura nyeusi, maneno machache, kipenzi cha kila mtu. Kesho asubuhi alikuwa anapanda ndege kwenda kupigana ughaibuni, mkataba wa miaka mitano. Ndiyo maana leo Manyoya alitakiwa aanguke, joho lichanwe, na uhasama wao uishie hapo.

Uhasama wenyewe haukuwa wa kuigiza, na mwandaaji aliutunza kama mboni ya jicho. Nyundo hakumsalimia Manyoya kwenye korido. Alibadilishia nguo stoo, katikati ya ndoo na mafagio, mradi wasikae chumba kimoja.

Sasa, wanamieleka wana desturi yao ambayo mtazamaji haioni. Kabali ndiyo mahali pa kuzungumzia. Vichwa vimegandana, midomo imefichwa na mkono, mnaambiana: sasa nitupe, sasa niruke, angalia goti langu. Nje ya kabali, Nyundo hakuwa na neno kwa Manyoya. Ndani yake alilazimika kumpa mawili matatu. "Kulia." "Bado." "Sasa." Manyoya aliishi kwa maneno hayo wiki nzima. Tusidanganyane, mtu akifika hapo, upweke umemla mpaka mfupa.

Watu walisema kuna mwanamke kati yao. Lisemwalo lipo. Mchana huo, kabla ya pambano, mwandaaji alimkuta Manyoya akijipaka wanja mbele ya kioo.

"Leo niambie, mzee mwenzangu. Huyo mwanamke, nani alimpata kwanza?"

"Mimi."

"Halafu dogo akakupokonya?"

"Hakuna aliyenipokonya. Nilimwacha mwenyewe." Manyoya aliweka wanja mezani. "Aliugua. Mimi niko ziarani, mji hadi mji, natingisha manyoya. Nikiambiwa rudi, nasema zimebaki mechi mbili tu. Nyundo ndiye aliyemlisha kwa kijiko miezi minane. Ndiye aliyemzika. Mimi nilifika udongo wa kaburi umeshakauka."

Mwandaaji alikohoa. Alikuja kutafuta umbea, akaukuta msiba. "Na sasa unataka nini kwake?"

"Nimwombe radhi kabla hajaondoka. Nikimfuata kwake anafunga mlango. Nikipiga simu anakata. Nimebakiwa na kabali."

Kwa hiyo hakuachia. Alikuwa ameshasema yote, mdomo ukigusa sikio la Nyundo: kwamba alikosa, kwamba hana cha kujitetea, kwamba kila siku anaisikia ile simu ya kwanza aliyoipuuza. Wanja ulimchuruzika na machozi hadi kidevuni. Watazamaji walidhani ni jasho.

Nyundo alikuwa na nguvu mara mbili ya mzee yule, na angeweza kujinasua wakati wowote. Hakujinasua.

"Nitukane basi," Manyoya alinong'ona. "Tukana utakavyo, lakini usiende hivi hivi."

Refa akaanza kuhesabu kwa sauti kubwa, kumtisha. Mwandaaji alikuwa ameshasimama, anapitisha kidole shingoni kuonyesha kwamba mambo yakatwe. Mikono ya Manyoya ilikuwa imechoka, na alijua haitamshika Nyundo hata nusu dakika nyingine.

Ndipo Nyundo akaongea, polepole, kama mtu anayejitoa mwiba.

"Alikusamehe. Siku ya mwisho alinituma nikwambie, nami nikakunyima miaka yote hii. Mimi bado sijaweza."

Akamshika mzee kiunoni, akamwinua juu kwa uangalifu, na ukumbi mzima ukasimama kushangilia.

"Lakini mama aliniachia nikutunze," alisema. "Ficha kidevu, baba, usije ukaumia."