Vitumbua vya Uani

Tangu kila nyumba ilazimishwe kufungwa kituliza, hakuna kilichooza tena mtaani. Kidude hicho cha darini kilipunguza mwendo wa kila badiliko ndani ya kuta: samaki alikaa wiki nzima bila kunuka, maziwa hayakuchacha, misumari haikushika kutu. Watu walishukuru. Bi Mwanakombo peke yake alinuna, maana unga wa vitumbua vyake haukuumuka.

Aliongeza hamira. Akatia maji ya vuguvugu, akaukoroga mpaka mkono ukamuuma. Wapi! Unga ulilala vilevile.

"Si uutoe nje, mama?" alisema Saumu, mke wa mwanawe, aliyejilaza mkekani. Tangu ashike mimba, mkunga alimkataza jua, naye hakuvuka kizingiti.

Bi Mwanakombo akalibeba bakuli hadi uani, akaliweka kando ya mpapai. Hata hajamaliza kukuna nazi, unga ulikuwa umefura hadi ukingoni, umejaa mapovu.

"Njoo uone maajabu!" aliita.

Saumu akaja akasimama mlangoni, wakacheka wote wawili. Mwanga ukamwangukia, na kanga yake ilikuwa imemkaa sawasawa, bapa, kama siku ile alipoleta habari njema. Siku hiyo mpapai ulikuwa mche wa kufika gotini. Sasa ulikuwa na mapapai mabivu.

Kicheko kikamkauka Bi Mwanakombo mdomoni. Akavuta kigoda, akakipangusa kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hebu toka humo ndani, uje ukae hapa na mimi."