Kiwiko cha Paskalina

Mama alifika Makambako pamoja na ukungu wa asubuhi, amejitwika chungu cha mafuta ya nguruwe ya kuninenepesha. Kwetu Mdandu walikuwa wanasema mume wangu ananinyima chakula.

"Paskalina, umebaki mifupa! Twende nyumbani. Huyu mwanamume nitamshtaki kwa Bwana Shauri!"

"Hana kosa, mama. Nimepunguza kula mwenyewe. Sista wa zahanati aliniambia nikipungua mwili, haya magamba ya ngozi huenda yakapoa."

"Sista anajua nini!"

Akatua chungu, akanikamata mkono kwa hasira, apime nyama iliyobaki.

Vidole vyake vikateleza kwenye kiwiko.

Tangu usichana wangu kiwiko kile kilikuwa kama gome la mti wa mwati, kikipukutisha unga mweupe mkekani, na dawa mama alinipaka kwa unyoya wa kuku, asikiguse. Sasa kidole gumba chake kilikuwa kinazunguka pale kwenye ngozi laini polepole, kama cha mtu anayeota. Ukungu uliingia mlangoni, ukatufunika miguu.

Akakisogeza chungu kando kwa unyayo.

"Nipe na mkono wa pili," akasema.