Haliburton wa Muhuru Bay

Obare aliruka kutoka botini kabla haijagusa mchanga, vidole amevitia masikioni.

"Mtu asiniambie kitu," aliutangazia ufuo mzima. "Mpaka nijionee kwa macho yangu."

Usiku huo, Indiana na Oklahoma walipokuwa wakimalizana katika mchezo wa saba wa fainali ya mpira wa kikapu, yeye alikuwa ziwani na taa zake. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa wakati mwezi haupo, na mwezi haujui ratiba ya NBA. Simu aliizima tangu jana jioni, maana kundi lao la WhatsApp limejaa watu wasio na adabu. Wesley, mwenye banda la video, alikuwa ameahidi kuurekodi mchezo na kuufungua asubuhi baada ya chai. Kilichobaki kwa Obare ni kufika bandani bila kusikia matokeo.

Tena haikuwa habari ya mpira tu. Mkewe, Linet, alikuwa na mimba ya miezi minane, na alikuwa amekwenda kwao Homa Bay apumzike karibu na hospitali kubwa. Kabla hajaondoka waliwekeana ahadi mbele ya Filister, mama yake Obare: Indiana wakibeba kombe, mtoto ataitwa Haliburton, jina la nyota wao, awe mvulana awe msichana. Wakishindwa, Linet atachagua jina analotaka na Obare atanyamaza. Kunyamaza, jamani. Obare.

Njiani wakirudi alikuwa amemhubiria mwenzake wa boti, Odongo, mpaka masikio yakamuuma.

"Shai wa Oklahoma anaomba filimbi kama jirani anayeomba chumvi. Kila siku, wala haoni haya. Lakini Haliburton? Anarusha mpira kama mtu aliyesukumwa mgongoni, na bado unaingia. Hao akina Jordan mnaowaimba hawakuwahi kukabwa na watu wazima."

"Na mtoto aende shule aitwe Haliburton Obare?"

"Tatizo liko wapi?"

"Hakuna. Wewe una bahati, unachagua. Mimi nilitoka tumboni nyuma ya pacha wangu Opiyo, nikawa Odongo, kazi ikaisha. Hakuna aliyeulizwa."

Basi Obare akapanda ufuo na vidole vyake masikioni. Lakini vidole haviwezi kuziba midomo ya wanawake waliokuwa wakitandaza omena. Mmoja alimwona, akasimama wima.

"Tazameni hicho kichwa," alipaza sauti. "Kama cha samaki mbuta aliyesahauliwa juani."

"Na hiyo miguu," mwingine akadakia. "Hata korongo angeirudisha."

Wakacheka, wakagongana viganja. Moyo wa Obare ukashuka. Mtu ambaye timu yake imeshinda hatukanwi hivyo. Ila hakuacha kuona fahari kidogo: kumbe mahubiri yake ya miaka yote yamefika hadi kwa akina mama wa omena, na sasa wanaijua fainali.

Akaongeza mwendo. Kwenye kona ya posho mill akakutana uso kwa uso na Truphena, mke wa pasta, mwanamke ambaye hata kuku wake huwafukuza kwa upole. Truphena akatua unga chini, akajishika kiuno, akammwagia Obare tusi lililoanzia kwenye mshipi na kuteremka. Kisha akakata kiuno mara moja, hivi, barabarani, mchana kweupe.

Obare hakuona tusi lile linahusiana vipi na mpira wa kikapu.

"Mama Pasta, hata wewe ni wa Oklahoma?"

"Oklahoma ni nani?" Truphena akauliza, akamwongezea la pili.

Nyuma yake, Odongo alikuwa ameketi chini, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Omera, ndugu yangu, nikuambie?"

"Usithubutu."

"Sawa. Sikuambii."

Mbele ya banda la video palikuwa na watu kuliko siku ya uchaguzi. Filister alikuwa katikati yao, simu mkononi, leso amejifunga kama mtu aliyetoka kucheza. Wesley naye, kijana mpole wa kanisa, alipomwona Obare akataja umbo la makalio yake kwa sauti, na watu wakampigia makofi.

Hapo Obare akachoka. Akavitoa vidole masikioni, mikono ikaning'inia. Usiku kucha alikuwa akimwona yule mtoto anaitwa jina lile darasani, anaitika, watu wanageuka.

"Basi," alisema. "Nimeelewa. Haliburton amekwisha. Niambieni tu, tumefungwa kwa pointi ngapi?"

Watu wakatazamana.

"Mimi sijui," Wesley akasema. "Hata sijaufungua. Nilikuwa nakungoja wewe."

Filister akatikisa kichwa.

"Wewe mtoto. Mke wa pasta akutukane njiani kwa sababu ya mpira? Kwetu mzazi hutukanwa hivi kwa jambo moja tu la heri, na ungelijua kama hicho kichwa kingekuwa na nafasi. Tangu alfajiri mkeo anakupigia hakupati. Shika."

Obare akaiweka simu sikioni. Sauti ya Linet ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa inacheka.

"Baba, lile jina lako lisahau. Hata langu nimelisahau. Opiyo ameshanyonya, amelala. Huyu unayemsikia akilia ndiye Odongo."