Biblia ya Mezani

Umeipita picha ile mara ngapi, wewe? Ipo shuleni, ipo kituo cha polisi, ipo hospitali juu ya dirisha la dawa. Waasisi saba wa taifa wameketi siku ya uhuru, na katikati ya meza pana Biblia. Umeipita ukitazama saa yako. Leo simama.

Mwalimu wa historia aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa maneno aliyoyasema darasani: "Waasisi wetu walijifunza kusoma shule za misheni, na nyimbo za kanisani waliziimba mpaka uzeeni. Lakini walikubaliana serikali isiwe na dini. Siku ya kutia saini, mezani hapakuwa na kitabu chochote cha Mungu."

Mzazi mmoja akashitaki. Miaka kumi na tisa ya kula chaki ikawa inataka kwenda na maji.

Mwalimu hakuogopa. Shahidi wake alikuwa baba yake mzazi.

Mzee huyo alikuwa fundi picha wa serikali. Majirani walimtania kwamba mkono wake umewaotesha nywele mawaziri wengi pichani kuliko dawa yoyote. Siku ya uhuru, yeye ndiye aliyeshika taa. Tangu bintiye akiwa mdogo alimhesabia vilivyokuwa mezani: kalamu, kidau cha wino, glasi ya maji, basi. Mtoto alipouliza mbona pichani Biblia ipo, alijibiwa, "Meza ni meza, picha ni picha. Kula ulale."

Asubuhi ya kikao mwalimu alimkuta baba amevaa koti, Biblia ya nyumbani magotini. Ile ile ambayo mwalimu mwenyewe, alipokuwa akiota meno, aliitafuna kona ya chini mpaka ikabonyea kama mwezi mchanga.

"Unasali, baba? Wewe?"

"Uzee, mama. Mpangaji hujipendekeza kwa mwenye nyumba siku za mwisho."

"Leo useme ukweli tu. Inatosha."

"Koti hili linanibana," alisema baba.

Kamati ilikuwa ya watu watano, na picha ilining'inia nyuma ya mwenyekiti.

"Mzee wetu, siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilishika taa."

"Mwalimu anasema Biblia haikuwepo. Anasema wewe ndiye uliyemwambia."

Baba alitazama viatu vyake. "Mwanangu kazaliwa miaka kumi baada ya siku ile. Atajuaje? Biblia ilikuwepo."

Mtu mmoja alicheka puani. Mwalimu alisubiri baba aongeze neno, hata kikohozi. Kikulacho, walisema wa kale, na wala hawakuhitaji kumalizia.

"Pole, mwalimu," mwenyekiti alisema, akigonga mhuri. "Hata aliyekuzaa amekukana. Njoo utie saini hapa."

Barua ya kufukuzwa ilikuwa mezani, chini kabisa ya picha. Alitia saini, akainua kichwa, na uso wake ukawa shubiri moja tu kutoka kwenye kioo. Miaka yote hiyo alifundisha chini ya picha kama ile, wala hakuwahi kuisogelea hivyo. Kama wewe.

Akaiona kalamu. Akakiona kidau, na glasi. Akaiona Biblia, akasogea karibu zaidi.

Nyuma yake, baba alikuwa anatafuta kofia yake kwa haraka, na kofia ilikuwa kichwani.

Sasa inuka. Usingoje kesho, usimtume mtu. Nenda kwenye picha iliyo karibu nawe, sogeza uso mpaka kioo kiingie ukungu wa pumzi yako, uitazame ile Biblia ya waasisi, kona ya chini. Imetafunwa na meno ya mtoto.