Mpaka Kibofu Kijae

"Kunywa, wifi. Hujafa bado."

Mshonaji alipokea chupa nyingine ya maji, akaitazama kwa chuki. Tumbo lilikuwa limemkaza kama ngoma, na mpimaji wa picha za tumbo (ultrasound) hapo hospitali alikuwa ameshamrudisha kwenye benchi mara mbili. Jibu lilikuwa lile lile: kibofu hakijajaa, mfuko wa uzazi hauonekani, kanywe tena.

Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, hakuja kumsindikiza kwa mapenzi. Alikuja kusikia kwa masikio yake. Mtaa mzima ulimwita Jemedari: mrefu kuliko wadogo zake wote wa kiume, sauti ya kuamrisha, hana mume wala hamtafuti. Ndoa ya mdogo wake haikuwa na mtoto, na jana alikuwa ametoa hukumu mbele ya ndugu. "Picha ikionyesha hana kizazi, mdogo wangu anaoa mwingine. Sitaki machozi." Mume aliinamisha kichwa. Hilo lilimuuma mshonaji kuliko maji yote haya.

"Mkojo umenibana, dada."

"Mwanamke mzima unashindwa na maji! Ndio nyie, kila mwezi mnajikunja kitandani, kazi hamfanyi. Mimi mambo hayo hayajanisumbua hata siku moja." Akafungua chupa yake mwenyewe, akaimaliza palepale ili kumwonyesha. Akafungua nyingine.

Walipoitwa tena, mpimaji, mama wa makamo mwenye macho ya usingizi, alipaka jeli, akapitisha kifaa huku na huku, akakunja uso. Skrini ilionyesha ukungu tu.

"Bado. Au mashine inanichezea. Juzi tu imetoka kwa fundi."

"Usimtafutie visingizio," Jemedari alisema. "Nipime mimi. Kibofu changu kimejaa. Uone kama mashine ni mbovu au yeye ndiye hana kitu."

Mpimaji alikuwa amechoka, na nje foleni ilikuwa inanung'unika. Akakubali. Jemedari akajilaza kama mwenye kitanda.

Kifaa kikapita. Mpimaji akabonyeza vitufe, akarudia, akashuka mpaka kwenye kinena, kisha akacheka kwa hasira.

"Haya, nimekoma! Kibofu kimejaa tele, mfuko wa uzazi hakuna. Halafu huku chini inanionyesha korodani mbili! Mgonjwa aliyetangulia asubuhi alikuwa mwanamume. Basi mashine imemng'ang'ania yeye."

Wote watatu wakacheka, hata mshonaji, ingawa kucheka kulimtesa kibofu. Jemedari ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akapandwa na hasira. Siku nzima imepotea, alisema, kwa debe bovu kama hili. "Twende zetu. Tutatafuta penye mashine."

Mshonaji akagoma. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alimpandishia wifi yake sauti.

"Siendi! Nimekunywa maji mpaka yanataka kunitoka machoni. Nikitoka hapa bila jibu, kesho utasema nimekimbia. Mama, nipime mara ya mwisho, nakuomba, kabla sijajiaibisha."

Mpimaji akaguna, akapaka jeli tena. Maji yalikuwa yameshuka sasa. Akapitisha kifaa mara moja tu, mkono ukasimama.

"Huu hapa." Akamgeuzia skrini. "Mfuko wako wa uzazi, mwanangu. Mzima, umekaa mahali pake. Na vifuko vya mayai hivi hapa, kulia na kushoto. Safi kabisa."

Mshonaji akalia, kwa hasira kuliko furaha. Maneno aliyoyameza tangu siku ya harusi yalimjaa mdomoni yote kwa pamoja, akageuka kumtafuta wa kumtupia.

"Kumbe mashine imepona," Jemedari alisema haraka, akichukua mkoba wake.

"Haikuwa mbovu," mpimaji alisema. Aliitazama skrini, akamtazama Jemedari kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaenda kufunga mlango taratibu.

"Mwanangu, wewe umemaliza, unaweza kwenda nyumbani," alimwambia mshonaji kwa sauti ya chini. "Dada yako naomba arudi kitandani."